Fundi Hatumuulizi

Hospitalini walimwita Sista Kwaheri. Jina alipewa na wagonjwa, si wafanyakazi wenzake, ndiyo maana lilishika. Kazi yake ilikuwa moja tu: mgonjwa wa saratani akishamaliza dawa, akamaliza na mionzi, daktari akamwambia nenda sasa tutaonana kliniki, Sista ndiye aliyempokea pale mlangoni na kumrudisha duniani. Usicheke. Kurudi duniani ni kazi, tena ngumu kuliko wanavyodhani wale ambao hawajawahi kuondoka.

Watu hudhani mtu akimaliza matibabu atatoka akirukaruka kama ndama. Ndugu wanakuja na nguo mpya, wanapiga picha, kuna shangazi mmoja lazima alie kwa sauti ya kusikika hadi maabara. Kisha gari linaondoka, na mwenye sherehe amekaa kiti cha nyuma, kimya, anageuka kulitazama dirisha la wodi. Sista aliyaona hayo miaka mingi kabla hajayaelewa. Aliyemfumbua macho alikuwa dereva mstaafu wa lori, mzee mkorofi aliyegombana na wauguzi wote kwa sababu ya uji uliopoa. Aliruhusiwa leo, kesho yake asubuhi akakutwa kwenye benchi la nje, begi lake mapajani.

"Mzee, umesahau nini?" Sista alimuuliza.

"Sijasahau kitu."

"Sasa umefuata nini? Si jana tu ulisema hutaki kutuona hata ndotoni?"

Mzee alikuna goti. "Kule nyumbani hakuna anayeniangalia, mwanangu. Nikikohoa wananiambia umeshapona, lala."

Sista alikaa naye mpaka chai ikapoa mikononi mwao. Wiki ile ile akaenda kwa mkuu wa wauguzi kuomba stoo ya vitanda vibovu iliyokuwa nyuma ya jengo la mionzi. Mkuu alimuuliza ataifanyia nini, maana hata panya wameihama. Akajibu, "Nipe tu." Akapewa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Aliifagia, akaisugua kwa dawa mpaka ngozi ya vidole ikambambuka, akapanga mabenchi kuzunguka kuta, na kwenye kona akatundika pazia la mashuka ya zamani ili wenye makovu wapate mahali pa kuonyeshana. Kila Jumatano mchana waliomaliza matibabu walikuja kukaa humo.

Utaratibu wake haukuwa na mapambo. Alianzia mlangoni, akasimama mbele ya kila mtu, akamuuliza mambo matatu, na hakusogea mpaka ajibiwe. Unalalaje? Unakulaje? Na kipi hujamwambia mtu? Hilo la tatu ndilo lililokuwa na moto. Wanaume walisema hakuna, hakuna, hakuna, halafu Jumatano moja mtu mzima na ndevu zake anasema anaogopa kuoga kwa sababu atakutana na kovu. Mama mmoja alisema mumewe amehamia chumba cha watoto, anadai eti yeye anakoroma, na maishani mwake hajawahi kukoroma.

"Basi anza leo," Sista akamwambia. "Koroma hasa, nyumba itikisike. Akija kulalamika mlangoni, mvute ndani."

Ndivyo alivyokuwa. Pole zake zilikuja zimevaa utani. Mwenyewe hakuwa na mazoea ya kusema ya kwake. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, binti yake ameolewa mbali, na jioni alirudi kwenye vyumba viwili na redio. Maswali yake matatu hakuna aliyewahi kumgeuzia, na yeye hakuona kwamba kuna kilichopungua. Aliuliza akiwa amesimama, akimaliza anasogea.

Fundi aliingia chumba kile Jumatano ya mvua, amenuna. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni mahali ambapo wengine huvaa mkufu. Titi lake la kushoto lilikuwa limeondolewa. Sista alipofika mbele yake hakupewa hata nafasi ya kumaliza swali.

"Nalala vizuri, nakula vizuri, na ambacho sijamwambia mtu ni kwamba nimekasirika! Mmenipunguza upande mmoja, halafu mnanipa pamba nijaze kwenye sidiria. Pamba! Nikiinua mkono kukata kitambaa, inapanda mpaka shingoni. Jana mteja amenitazama weee, akaniuliza, Fundi, hilo ni jipu?"

Kwanza watu walicheka kwa kuibia, wakiziba midomo. Fundi mwenyewe akacheka, na hapo chumba kizima kikaachia. Mwalimu mstaafu, mama wa heshima zake ambaye kwa wiki kadhaa hakuwa amenyanyua macho, alicheka hadi miwani ikamtoka.

Jumatano iliyofuata Fundi alikuja amenyooka kama askari wa gwaride, akawaambia wabahatishe ni upande upi wa bandia. Mwalimu alionyesha wa kulia, kwa uhakika wote wa kazi yake. Fundi akachomoa wa kushoto mbele ya kila mtu: kifuko cha kitambaa laini, kimeshonwa kwa umbo la bakuli, ndani amejaza mtama aliouosha na kuukausha juani ili kiwe na uzito na kitulie mahali pake. Wanawake wakagombania kukishika. Siku ile ile akawapima nyuma ya pazia, mmoja mmoja, akiwaita kwa sauti kama yuko dukani kwake.

"Sharti ni moja tu," aliwaambia. "Ukipita penye kuku, kaza mwendo."

Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa roho ya kile chumba. Mgeni akiingia ameinamisha kichwa, anamkuta Fundi na sindano mdomoni, anafoka, anapima, anacheka, na mabega yanamshuka. Sista hakuhitaji tena kueleza kwamba kuna maisha baada ya wodi. Alisema tu, mwoneni Fundi. Miaka ikapita hivyo. Na katika kuzunguka kwake na maswali, alipofika kwa Fundi alimgusa bega, akawaambia watu, "Fundi hatumuulizi. Fundi ni mwenzetu wa kazini," akasogea kwa anayefuata. Ilikuwa utani, na ilikuwa heshima pia. Fundi aliinama kama anayevishwa nishani. Baadaye watu walilizoea neno lile kiasi kwamba Sista akikaribia tu, benchi zima linaitikia: Fundi hatumuulizi!

Hebu fikiria basi, chumba kizima cha watu wanaoulizwa, na mmoja tu anarukwa, tena kwa shangwe. Kliniki Fundi alikwenda, sikatai, lakini kliniki ni foleni. Daktari anapapasa kovu, anasema liko safi, njoo mwakani, wa nyuma yako ameshafungua mlango. Hakuna aliyemuuliza habari za mgongo.

Mgongo ulianza wakati wa kiangazi. Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kuegemea kitu, akaanza kuchagua kukaa ukutani. Baadaye akaja na mto mdogo aliousokomeza nyuma ya kiuno. Ulikuwa kifuko cha mtama kama vile alivyowashonea wenzake, ila kikubwa zaidi, na alikuwa ameupasha moto nyumbani. Sista, katika kuzunguka kwake, akauona. Alisimama. Mkono wake, ambao siku zote ulitua begani, ulibaki hewani.

"Fundi," akasema, "naona titi limehamia mgongoni!"

Watu walikufa kwa kicheko. Fundi alicheka kuliko wote, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na benchi likaitikia wimbo wake, na Sista akasogea kwa anayefuata. Jioni hiyo Sista aliunguza chakula, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akalilaumu jiko.

Jumatano kadhaa baadaye Fundi hakuja. Akatuma salamu kwamba ana kazi nyingi, sare za shule. Jumatano nyingine tena hakuja. Wanawake watatu wapya walikuwa wakingoja kupimwa, na Sista akajiambia anakwenda kumgombeza. Alijiambia hivyo njia nzima, kwa sauti kabisa, mpaka muuza mitumba mmoja akamuuliza kama anaongea naye.

Binti wa Fundi ndiye aliyefungua mlango. Hakushangaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzangu yuko wapi? Leo ananitambua."

"Mama alisema usiitwe," binti akasema. "Lakini hakusema ukija mwenyewe usiingie."

Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Hakukuwa na sare ya shule hata moja. Fundi alikuwa amelala kwa ubavu kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, amezungukwa na mifuko ya mtama, mmoja kiunoni, mmoja kati ya magoti, mmoja chini ya bega, na kwenye jiko la mkaa mlangoni sufuria ilikuwa ikipasha mingine. Alikuwa amepungua vibaya. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni.

"Umekuja kunigombeza," akasema.

Sista alipiga magoti pale sakafuni. Akamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano ya mvua, "Unalalaje?"

Fundi akafumba macho. Machozi yakamtoka yakashuka upande mmoja, kwa jinsi alivyolala.

"Kila Jumatano nilikuwa nimeandaa jibu," akasema. "Nakuona unaanzia mlangoni. Mtu wa kwanza, wa pili. Moyo unanienda mbio, nasema leo, leo akinifikia tu nasema. Unanifikia. Wanaimba. Nalimeza, naenda nalo nyumbani."

"Mbona hukunishika mkono, Fundi? Mbona hukupiga hata kelele?"

"Ningesemaje? Wale wanawake wakiniona wanapona. Mimi ndiye niliyekuwa dawa yao. Umeona wapi dawa ikaugua?"

Walimpeleka hospitalini siku ile ile kwa gari la jirani, kalala kwenye mapaja ya binti yake. Picha zilipotoka, daktari alimwita Sista pembeni kama mtumishi mwenzake. Uti wa mgongo na ini. Imesambaa. Sista akamuuliza swali ambalo ndugu wote huuliza na ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha wauguzi wengi namna ya kulijibu.

"Kama ningemleta kiangazi kile?"

Daktari alikuwa mtu mwema, ndiyo maana hakudanganya. "Kupona, hapana. Ikishaingia kwenye mfupa haitoki. Tungemwongezea muda kidogo labda. Ila maumivu haya asingeyapata, sista. Dawa zake tunazo, zipo hapo kabatini."

Sista akaitikia kwa kichwa. Kabati aliliona kila siku, ufunguo wake ulikuwa kwenye mfuko wa gauni lake. Alikwenda kwenye chumba cha kufulia mashuka, akafunga mlango, akalia kwa mdomo wazi kama mtoto aliyeanguka.

Dawa zilimtuliza Fundi. Akaanza kulala, akaanza hata kuwafokea wauguzi kwamba mashuka ya wodi yamepindwa na mtu asiyejua pindo. Lakini alikuwa anakwenda, na wote wawili walikuwa wameona wengi wakienda, hawakuhitaji kuambiana. Jumanne Sista alikaa kando ya kitanda chake, akisokota ncha ya shuka.

"Kesho watakuulizia," akasema. "Nafikiri tuwaambie umesafiri kwenda kwa ndugu. Wengine ndio kwanza wametoka, Fundi. Wakijua, watavunjika."

Fundi akamtoa ile ncha ya shuka mkononi.

"Ukiwaambia nimesafiri," akasema, "kila mmoja wao atajifunza kusafiri."

"Basi nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Nipeleke. Uniulize mbele yao."

Sista alikataa. Alisema kiti cha magurudumu kitamtikisa, alisema mvua, alisema daktari. Fundi akangoja mpaka sababu zikaisha.

Kesho yake ndiyo ikawa Jumatano yake ya mwisho. Sista alipasha mfuko wa mtama kwenye jiko la wodi, akaujaribu kwenye shavu lake mwenyewe usije ukamuunguza, akauweka mgongoni mwa Fundi, na binti akasukuma kiti hadi nyuma ya jengo la mionzi. Walipoingia, kila kitu kilisimama. Mwalimu mstaafu aliinuka, akakaa, akainuka tena. Msusi mmoja mchanga, ambaye alikuwa ametoka wodini mwezi uleule, na ambaye chini ya blauzi yake alikuwa amevaa kifuko cha mwisho alichoshona Fundi, alishika kifua chake bila kujijua. Binti alikiegesha kiti pale pale ukutani, mahali pa siku zote, kando ya msusi.

Sista akaanzia mlangoni. Unalalaje? Unakulaje? Watu walijibu bila kumtazama, macho yote yako ukutani. Alivyozidi kusogea sauti yake ilizidi kushuka. Alipofika mbele ya kiti cha magurudumu hakuna aliyeimba. Alisimama.

"Mimi hapa," Fundi akasema taratibu. "Niulize."

"Unalalaje?"

"Kwa dawa. Bila dawa silali."

"Unakulaje?"

"Sili. Natafuna ili binti yangu anione."

Binti akageukia ukuta.

"Na kipi hujamwambia mtu?"

"Imerudi," Fundi akawaambia wote. "Imerudi muda mrefu. Nilikuwa nakaa hapa nawapima na kuwachekesha, na mgongo unawaka. Naogopa kufa. Nilidhani nimeshazoea kuogopa, kumbe nilikuwa sijaanza. Basi ndilo hilo."

Mwalimu alikuwa analia waziwazi, kashika miwani mkononi. Hakuna aliyetoka. Sista ndiye aliyetaka kutoka, miguu yake ilishaanza kugeuka, lakini Fundi alinyoosha mkono akamshika gauni.

"Kaa," akasema.

"Fundi..."

"Kaa, sista. Miaka yote umesimama. Leo zamu yako."

Msusi akasogea, na Sista akakaa kwenye benchi kati yao, magoti pamoja, mikono mapajani, kama walivyokaa wote waliowahi kuingia humo.

"Kipi hujamwambia mtu?" Fundi akamuuliza.

Sista Kwaheri alitazama sakafu aliyoisugua mwenyewe. Angeweza kusema hakuna. Wengi walianza na hakuna.

"Ule mto," akasema. "Siku ile ya mto. Nilijua. Kazi hii nimeifanya maisha yangu yote, sikuona mto, niliona mgongo. Nilijua pale pale nikiwa nimesimama, nikafanya mzaha ili usiniambie. Nimewapeleka makaburini wengi, Fundi. Nilitaka mmoja. Mmoja tu awe amepona kweli kweli."

Fundi hakuonyesha kushangaa.

"Najua," akasema. "Nilikuona ulipoona."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. Sista aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkono wa kile kiti, akalia mbele ya watu aliokuwa akiwafundisha kulia. Fundi akamwekea kiganja kisogoni, kiganja chepesi ambacho hakikuwa na uzito tena.

"Na mimi nilitaka kuwa huyo mmoja," akasema. "Nilitaka sana."

Wakakaa hivyo. Mfuko wa mtama ulikuwa umeanza kupoa, Fundi akajisogeza kwa shida, na Sista, bila kuinua kichwa, akapeleka mkono nyuma yake akauweka sawa.

"Haya, inuka," Fundi akasema. "Mwenzangu anangoja."

Sista aliinuka, akajipangusa uso kwa kiganja. Anayefuata alikuwa yule msusi, ambaye bado alikuwa ameshika kifua chake.

"Unalalaje, mwanangu?"

"Vizuri."

"Unakulaje?"

"Vizuri tu, sista."

"Na kipi hujamwambia mtu?"

Msusi akamtazama Fundi, akamtazama Sista, akalazimisha tabasamu. "Mimi sina shida."

Siku zote, jibu lilikuwa jibu. Ukisema huna shida leo, Sista alisogea, utasema wiki ijayo. Lakini safari hii hakusogea. Alirudi akakaa pale benchini alipokuwa amekaa, akauchukua mkono wa yule msusi, akangoja. Fundi alikuwa amefumba macho kando yao, anasikiliza, anavuta pumzi kwa taabu, na chumba kizima kikangoja pamoja nao.